Nyama ya Kuchoma Uani: Moto Huo Ulitoka Wapi?

Kila Desemba inapokaribia, maswali ya nyama choma hunijia mengi kuliko ya mahindi. Baba mmoja anauliza kwa nini mbavu za mbuzi zinaungua nje na kubaki mbichi mfupani. Mwingine ameletewa jiko la mviringo lenye kifuniko na mwanawe aliye ng'ambo, na anataka kujua kifuniko ni cha nini kama si cha kuzuia mvua. Ningeweza kuwajibu kwa mistari mitano tu. Lakini nimeona kwamba mtu akipewa kanuni bila sababu yake, huisahau kabla makaa hayajashika. Kwa hiyo leo tutapitia sababu zenyewe, na nyingi zinapatikana Marekani, kwa kuwa huko ndiko kuchoma nyama nyuma ya nyumba kuligeuzwa kazi ya baba, na jiko hilo la mviringo lilizaliwa huko.

Tuanze na jina. Wazungu wa Hispania walipofika Visiwa vya Karibi waliwakuta Wataino wakitumia kitu walichokiita barbacoa. Lilikuwa jukwaa la vijiti lililoinuliwa juu ya nguzo. Wenyeji waliweka juu yake samaki na nyama, moto mdogo ukawa chini, na moshi ukafanya kazi polepole. Majukwaa ya aina hiyo yalitumika pia kuhifadhia nafaka, na hata kulalia. Umeshakitambua, sivyo? Ni kichanja. Ni kile kile ambacho sisi maafisa wa nyanjani tunakuhimiza ukijenge ili uanike omena au vyombo visikae chini, ni ule uchaga wa juu ya mafiga ambako nyanya yako aliweka nyama ikakauka kwa moshi. Kwa hiyo usidhani barbekyu ni mambo ya kigeni uliyoletewa kwenye televisheni. Kilichokuja kutoka mbali ni jina.

Angalia jambo moja katika kichanja hicho: nyama iko juu, moto uko chini, na nafasi kati yao ni kubwa. Wataino hawakutaka ndimi za moto zifikie chakula. Huyo baba wa mbavu mbichi mfupani, jibu lake la kwanza liko hapo. Wavu wake uko karibu mno na makaa. Mwali huunguza ngozi ya nyama kwa dakika chache, lakini joto huingia ndani kwa mwendo wake lenyewe, na huwezi kuliharakisha kwa kuongeza moto.

Sasa tuvuke hadi bara, kusini mwa Marekani. Katika karne ya 18 karamu za barbekyu zilikuwa shughuli kubwa za wenye mashamba Virginia na majimbo jirani. George Washington mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba alikwenda kwenye barbekyu mjini Alexandria mwaka 1769. Wanasiasa walizipenda kwa sababu ile ile wanasiasa wetu wanavyopenda mbuzi wakati wa kampeni. Lakini aliyekesha na moto hakuwa Washington wala wageni wake. Walikuwa watumwa, watu weusi waliozaliwa utumwani au kuletwa kutoka Afrika, na ufundi wenyewe ulijengwa mikononi mwao kwa vizazi.

Walifanyaje? Hapa nataka usome polepole, kwa sababu hii ndiyo sehemu yenye faida zaidi kwako. Walichimba mtaro usio wa kina kirefu. Pembeni, si ndani ya mtaro, waliwasha moto mkubwa wa magogo ya miti migumu, mwaloni au hikori, wakauacha uungue mpaka magogo yakawa makaa mekundu yasiyo na mwali wala moshi mzito. Ndipo walipochukua makaa hayo kwa sepetu na kuyatandaza chini ya nyama kidogo kidogo. Nguruwe au mwanakondoo mzima aliyepasuliwa alilazwa juu ya miti mibichi iliyokatiza mtaro. Makaa yakipoa, waliongeza mengine kutoka kwenye ule moto wa pembeni, na hivyo usiku kucha, huku nyama ikigeuzwa na kupakwa mchuzi.

Tuna maelezo ya waliofanya kazi hiyo. Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwatuma waandishi kuwahoji wazee waliowahi kuwa watumwa. Mmoja wao, Wesley Jones wa South Carolina, alieleza jinsi alivyokuwa akikesha usiku wa kuamkia barbekyu, akipika na kupaka. Mchuzi wake ulikuwa na siki, pilipili manga, pilipili nyekundu, chumvi, siagi, kitunguu, kitunguu saumu, na majani ya harufu kama dania na mrehani kidogo. Wengine, alisema, walitia sukari kidogo. Ukiujaribu kwa mguu wa mbuzi utaona siki inavyokata mafuta. Ila kama unatia sukari, au unatumia ile michuzi mitamu ya chupa, ipake dakika kumi za mwisho tu. Sukari huungua mapema na kuacha uchungu.

Ule moto wa pembeni ndio siri kubwa. Mimi nikiulizwa kifaa kimoja cha kumnunulia baba mchomaji, husema jiko la pili. Jiko dogo la kawaida la makaa, pembeni, likishika makaa mapya wakati nyama inaendelea kwenye wavu. Anayetupa makaa meusi chini ya nyama inayoiva anaipaka moshi wa kwanza wa makaa, ambao ni mchungu, na joto linashuka wakati ambapo lilihitajika.

Usidhani pia kwamba karamu hizo zilikuwa za mabwana peke yao. Watumwa walikuwa na mikusanyiko yao, na moto wa nyama ulikuwa sababu nzuri ya watu kukaa pamoja bila kushukiwa. Mnamo Agosti 1831, Nat Turner na wenzake walikutana msituni katika wilaya ya Southampton, Virginia, kula nguruwe. Usiku huo huo uasi wao ulianza. Na uhuru ulipotangazwa Texas tarehe 19 Juni 1865, sherehe za kila mwaka za kuikumbuka siku hiyo zilifanyika kwa barbekyu. Tatizo likawa ni mahali pa kusherehekea, maana viwanja vya umma vilifungwa kwa watu weusi sehemu nyingi. Mjini Houston, mwaka 1872, watu waliokuwa watumwa miaka saba tu kabla walichanga fedha wakanunua ekari kumi, ili wawe na pahali pao pa kukusanyika siku hiyo. Bustani hiyo ipo hadi leo, inaitwa Emancipation Park. Kumbuka hizo ekari kumi. Zitatusaidia mbele kidogo.

Kwa muda mrefu, basi, barbekyu ilikuwa jambo la mtaro, umati na usiku mzima. Haikuwa jambo la baba mmoja na watoto wake Jumapili mchana. Kilichoifanya iingie uani ni makaa ya pakiti na nyumba za mkopo.

Makaa kwanza. Mwaka 1897 Ellsworth Zwoyer wa Pennsylvania alipata hataza ya kutengeneza briketi, yaani makaa yaliyosagwa na kushindiliwa kuwa vidonge. Aliyeyapa soko ni Henry Ford. Magari yake ya Model T yalitumia mbao nyingi, naye alikuwa na kiwanda cha mbao kaskazini mwa Michigan ambako vumbi na vipande vya mbao vilirundikana. Ford hakupenda kutupa kitu. Mapema miaka ya 1920 mabaki hayo yakaanza kuchomwa kuwa makaa, yakasagwa, yakachanganywa na wanga na kushindiliwa. Yakauzwa katika maduka yale yale yaliyouza magari yake. Baadaye biashara hiyo ilichukua jina la Kingsford, kutokana na Edward Kingsford, jamaa yake aliyemsaidia kuipata ardhi ya msitu huo.

Hapa nakuomba uangalie ghala lako. Chini ya kila gunia la makaa kuna vumbi ambalo unalimwaga. Lichekeche, uchanganye na uji mzito wa unga wa muhogo, kiasi cha kwamba ukifinya donge mkononi linashikamana bila kutoa maji. Finyanga, uanike juani mpaka likauke kabisa hadi ndani, siku kadhaa kutegemea jua. Briketi haiwaki haraka kama makaa ya kawaida, lakini hudumu na joto lake ni la utaratibu, na hilo ndilo unalolitaka kwa mguu wa mbuzi unaohitaji saa mbili. Kwa nyama nyembamba isiyochukua muda, tumia makaa ya kawaida.

Sasa nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi Marekani walipewa nafuu ya mikopo ya nyumba chini ya sheria ya mwaka 1944. Makampuni ya ujenzi yakafungua mitaa mipya nje ya miji. Maarufu kuliko yote ni Levittown, karibu na New York, iliyoanza mwaka 1947. Wewe unayeijua ploti ya 50 kwa 100 utaelewa mara moja: viwanja vya Levittown vilikuwa futi 60 kwa 100. Nyumba ndogo, na nyuma yake ua wenye nyasi. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu wa kipato cha kawaida walikuwa na pahali pao pa kuwasha moto nje, na baba aliyekuwa kazini mjini wiki nzima alipewa kazi ya kufanya nyumbani Jumapili. Vitabu vilikuwa vimeshaanza kumwandalia njia. James Beard alitoa kitabu kizima cha upishi wa nje mwaka 1941. Matangazo ya magazeti yakamchora baba na aproni na koleo ndefu. (Mama, kwa taarifa yako, ndiye aliyekatakata saladi, akaitia nyama viungo tangu jana yake na kuosha vyombo. Sifa zilibaki kwenye wavu. Sijui kama kwako ni tofauti.)

Lakini mikataba ya kwanza ya Levittown ilikuwa na kifungu kilichokataza nyumba kutumiwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa mfanyakazi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba makatazo ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama, ila mwenye kampuni aliendelea kukataa kuwauzia watu weusi. Askari mweusi aliyepigana vita vile vile, ambaye babu yake huenda alikesha kando ya mtaro akiwapikia wageni wa bwana, hakuruhusiwa kununua ule ua wa futi 60 kwa 100. Ufundi uliingia uani, mwenye ufundi akaachwa nje ya ua. Kwa hiyo ukisoma kitabu kinachosema kuchoma nyama ni desturi ya baba wa kitongoji wa miaka ya 1950, jua kwamba kimeanzia ukurasa wa mwisho. Kama unataka ukurasa wa kwanza, rudi kwenye zile ekari kumi za Houston.

Katika ua hizo mpya moto wenyewe ulikuwa wa shida. Watu walijenga majiko ya matofali yaliyo wazi juu, au walinunua mabakuli mapana ya bati. Upepo ulipeperusha majivu juu ya nyama, mafuta yakidondoka mwali uliruka, na mvua ikinyesha karamu ilikwisha. George Stephen, baba wa watoto kumi na wawili, alikuwa na jiko kama hilo na hakulipenda. Alifanya kazi katika karakana ya vyuma ya Weber Brothers huko Chicago, na moja ya vitu walivyotengeneza ni maboya ya chuma ya kuelea majini. Mwaka 1952 alichukua boya, akalikata katikati. Nusu ya chini akaiwekea miguu na wavu, nusu ya juu akaiwekea mkono ikawa kifuniko. Inasimuliwa kwamba moto wake wa kwanza ulizimika kwa kukosa hewa, mpaka alipotoboa matundu.

Matundu hayo ndiyo jibu la baba wa pili. Kifuniko hakikuwekwa kwa ajili ya mvua. Moto wa makaa hula hewa, na ukiutawala mlango wa hewa umeutawala moto. Fungua tundu la chini, joto hupanda. Lipunguze, joto hushuka. Tundu la juu liache wazi, au nusu wazi, ili moshi upite usigande kwenye nyama. Mafuta yakiwaka, funika badala ya kumwaga maji. Maji hurusha majivu na mvuke unaochoma mikono. Na joto linalopiga kifuniko hurudi chini, kwa hiyo nyama inaiva kutoka pande zote kama mkate. Ukifikiria vizuri, Stephen alichofanya ni kuufunika ule mtaro na kuusimamisha kwa miguu mitatu.

Huhitaji boya wala jiko la kuagizwa. Pipa la mafuta lililokatwa kwa urefu na fundi wa Jua Kali, nusu moja ikiwa chini na nyingine ikiwa kifuniko chenye bawaba, linafanya kazi ile ile. Mwambie fundi aweke matundu mawili chini upande mmoja na moja juu upande wa pili, kila moja na kibati cha kusogeza. Muulize pipa lilibeba nini. Likiwa lilibeba dawa za shamba au kemikali, liache. La mafuta ya kupikia au ya mitambo lichome kwa moto mkali wa kuni, tupu, mpaka rangi na mabaki yote yaishe, kabla hujaweka chakula.

Kisha panga makaa upande mmoja tu, nusu ya pipa, na nusu nyingine iache tupu. Subiri dakika 20 hadi 30 mpaka makaa yavae majivu ya kijivu. Nyama nene ianzie upande usio na makaa, kifuniko kikiwa chini, na uimalizie juu ya makaa kupata ile rangi. Weka kiganja juu ya wavu, karibu shubiri moja: ukilazimika kukiondoa baada ya sekunde mbili, hapo ni pa kukaushia juu tu, ukivumilia tano au sita, hapo ni pa kuivishia. Kuku hakikisha ameiva hadi kwenye mfupa, nyuzi 74 kama una kipimajoto. Nyama ya kusaga nayo iive yote, nyuzi 71. Na nyama yoyote ununue iliyo na muhuri wa mkaguzi. Kimeta hakijali umechoma kwa ustadi gani.

Kuna jambo moja ambalo hadithi ya kifuniko inatufundisha na ambalo huua watu huku kwetu kila msimu wa baridi. Makaa yanayokosa hewa ya kutosha hayazimi mara moja. Yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Karamu ikiisha usiku wa Julai na baridi ya Limuru au Nyahururu ikikolea, baba huona ni busara kuingiza jiko ndani lipashe watoto joto. Usifanye hivyo. Hata makaa yanayoonekana yamekufa, hata ukiacha dirisha wazi kidogo. Funga matundu yote, liache jiko nje hadi asubuhi.

Limebaki swali la kuni gani, na hapa historia inarudi kwetu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Huko Texas wafugaji wana mti wa miiba uitwao meskwiti ambao huvamia malisho na kunyonya maji. Waliulaani kwa miaka mingi. Lakini makaa yake ni makali na moshi wake una harufu nzuri, na leo huuzwa kwa pakiti kama kitu cha fahari. Mti huo ni ndugu wa mathenge wetu, ule ulioletwa Baringo mapema miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukaishia kufunga njia za mifugo. Wakazi wa huko waliishtaki serikali, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akapelekwa mahakamani Nairobi kama ushahidi.

Kwa hiyo kabla hujanunua makaa ya mti wa asili uliokatwa usiku na mtu asiye na kibali, muulize muuzaji kama ana ya mathenge kutoka kwa chama cha wachomaji kilichosajiliwa. Ni mazito, hayamaliziki haraka, na kila gunia ni mti mmoja pungufu malishoni. Yanarusha cheche yanaposhika, basi yawashe kwenye lile jiko la pembeni, mbali na watoto, na uyahamishe chini ya wavu yakishatulia. Yawashe kwa karatasi na vijiti vikavu, si kwa mafuta ya taa. Msonobari, mkaratusi na mbao za kreti zilizotiwa dawa usizitumie kabisa; utomvu na dawa zake huingia kwenye nyama.